Sauti Iliyobaki Darasani

Kila asubuhi Hilaire hufunga kikapu cha mikate nyuma ya baiskeli kwa kipande cha tyubu, akakifunika kitambaa ambacho Albertine, mkewe, amekipiga pasi, akasukuma mpaka kituo cha basi za Buluo. Zamani alikuwa assistant chuo kikuu, akimfundishia Profesa Damas somo lake huku akingoja profesa aisome tasnifu yake. Profesa hakufungua hata jalada. Basi Hilaire akaacha, akashika baiskeli.

Yeye aliacha, sauti yake ilikataa. Kengele ya masomo ikilia, ilimtoka kooni kama kikohozi, ikapanda kilima, ikaingia ukumbini kusoma imla: "Nukta. Mstari mpya." Wanafunzi hawakuona tofauti. Huko mwalimu anasema, mwanafunzi anaandika, na anayeinua kichwa anapotewa na sentensi.

Saa sita ilirudi imekauka, ikitaka maji. Lakini mkate huuzwa asubuhi, na pale kituoni Papy, muuza mikate mwenzake, alikuwa akitangaza yake:

"Mukate ya moto! Ile ingine ni ya bubu!"

Watu walicheka, wakanunua kwa Papy. Nyumbani kwa Hilaire walikula mikate iliyobaki, asubuhi na jioni, hata watoto wakawa wanaomba bukari, ugali wa kila siku, kama wanaoomba keki.

Albertine akavaa kitenge cha kanisa, akaenda kwa profesa.

"Prof, murudishie bwana yangu sauti yake."

"Mama Albertine, ile sauti haikulaka, haichokaka, na haiulizaka habari ya thèse. Assistant muzuri vile nitamupata wapi?"

Profesa alikuwa akinywa chai kwa mkate wa Papy.

Albertine hakugombana. Alisimama kwenye dirisha la ukumbi, akaita kama anavyoita mezani:

"Papa Hilaire! Mikate iko napoa!"

Sauti ilimaliza sentensi yake. Kisha ikaendelea, bila haraka: "Mikate ya moto ya Hilaire inauzwa kituoni. Nukta. Pigeni mstari chini yake."

Ukumbi mzima ukaandika. Kilichopigiwa mstari hakikosi kwenye mtihani, kwa hiyo kesho yake walishuka wote kituoni kukihakikisha.

"Assistant, hii itakuya kwa examen?" aliuliza Joëlle, mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Hilaire, kwa kuwa sauti ilikuwa kazini, akampa mkate.

Mwaka uliofuata somo lilichapwa kuwa kitabu, jina la Profesa Damas likiwa kwenye jalada. Hilaire alikisoma ameegemea baiskeli. Maneno yote yalikuwa yake, hakuna nukta iliyohama, ila mahali pamoja: "Mikate ya moto ya Profesa Damas inauzwa kituoni."

Akakifunga, akapiga kengele ya baiskeli. Foleni ilikuwa ndefu tayari. Wote walitaka mikate ya profesa.