Neno ya Herufi Ine

…na ile joto inapanda tena, inaanza mu kifua, inapanda mu shingo, inafika nyuma ya masikio, na mi nimesimama mbele ya wamama kumi na mbili wa darasa ya kusoma hapa Mangobo, mwalimu Henri ananyoosha kre, chaki yake, kwa ubao ya tablo, Mama Rachida, soma, na neno iko pale, m, o, t, o, naijua, wallahi naijua, miaka makumi tano na mbili sikujua kusoma hata jina yangu na sasa nasoma majina ya maduka zote mpaka sokoni, nasoma mifuko ya chumvi, nasoma hata karatasi ya kufungia karanga, lakini leo herufi zinaogelea, kitambaa ya kichwa imelowa, tone moja ya jasho inashuka mu mugongo kama mududu… pole pole, mama, anasema mwalimu, hakuna mutu anakufukuza… anajua nini, juma iliyopita nilisema niko na malaria, nikatoka, juma ya mbele yake tena malaria, na leo nikitoka mara ya tatu sitarudi, najijua, nitabaki nyumbani na hii macho mupya bila kazi, na malaria yenyewe haiko, infirmière wa hospitali alinipima akasema damu iko safi, mama, hii ni ya umri, hedhi imekatika, moto itakuja, itaenda, mpaka ichoke yenyewe, akacheka kidogo… Mahmoudi hakucheka, bwana yangu, Ramadani hii nilifunga siku makumi tatu zote, sikuvunja hata moja, mara ya kwanza toka niko binti, nikafurahi kama mutoto, nikamuambia, Mahmoudi, mwaka hii siko na siku ya kulipa, akatazama sahani yake, akasema bon, sawa, bon tu, na kisha ya Idi akabeba matela yake ya kulalia, akaitandika kwa salon, pa kupokea wageni, akasema uko moto, Rachida, kulala na wewe ni kulala na mbabula… mbabula, ndiyo, jiko ya makala, sawa ile ya mama yangu, yeye alikuwa anakaa nyuma ya nyumba na kifuniko ya sufuria, anajipepea, anajipepea, na sisi watoto, mama, mbabula yako iko wapi, tunacheka, anapepea tu, hakuna mutu alienda kukaa karibu yake, hata mi… ni ile ya magurudumu mbili tunapanda kwenda sokoni, Kahambu ananinongoneza hapa mu darasa, Kahambu wa kuuza samaki ya chumvi, ile na dereva wa kofia, wamama wanacheka, hapana, mwingine anasema, ni ya kupikia, na Mama Benie, ule anaota mu Lingala, anasema ninyi wote hamujui, ile ni mutu, mu Lingala yetu ile ni mutu, mwalimu, sivyo? Mu kinywa haiko sawasawa, Mama Benie, anasema Henri, lakini mu maandiko iko sawa, maana zote tatu, bon, wacheni mwenyewe aseme… zote tatu, herufi ine zile zile, o ya kwanza, o ya pili, na mi miezi yote hii nilisikia moja tu, uko moto, alisema, uko moto, na mama kule nyuma ya nyumba, mbabula haikuwako, kulikuwa mutu… jasho imefika mu kidevu, Kahambu ananyoosha pembe ya kikwembe aliyojifunga nipanguse, sipangusi, iache ianguke… malaria, mama? anauliza Henri, kre iko bado kwa tablo, mi nimesimama palepale, inawaka mpaka mu macho, lakini mulango siutazami tena, jioni nitachukua karatasi, nitaandika hii neno, kubwa, nitaiweka juu ya ile matela ya salon, Mahmoudi alisoma zamani, Lingala anajua kuliko mi, donc, basi, aisome, achague mwenyewe ni ipi mu zile tatu, mi yangu nimeshaisoma…