Glasi Chungu ya Jumamosi

Marehemu mama mkwe wangu alituachia vitu viwili: mwarobaini ulioko uani na desturi ya kunywa maji yake kila Jumamosi asubuhi. Majani mabichi yanatwangwa, yanachujwa kwa kitambaa, na kila mtu mzima anapata glasi ndogo. Wajawazito na watoto hawakuwa wakipewa. Yeye mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni kututazama usoni. "Anayekunja uso huyo mzima," alikuwa akisema. "Siku mkiona mtu anakunywa huu bila kukunja uso, mpelekeni hospitali." Tulikuwa tukicheka. Mama mkwe alikuwa mkali, na mimi si mpole, lakini kwenye uchungu tulielewana.

Mti huo ndio unaonilisha. Natengeneza sabuni: nachemsha majani, nachuja, napoza, nachanganya na magadi makali na mafuta ya nazi, kisha naiacha ikomae wiki kadhaa kabla sijaiuza. Inasaidia kwa mba, chunusi na upele. Vijiti vya mti tunapigia mswaki, na majani makavu naweka kwenye pipa la nafaka ili wadudu watuache. Lakini mteja akiniuliza kama mwarobaini unaponya kila kitu, namwambia hapana, nenda kwa daktari. Shemeji yangu aliwahi kunishauri niandike kwenye karatasi ya sabuni kwamba inatibu maradhi arobaini. Nikamwambia ayataje. Hakufika mbali akaanza kurudia, na tumbo alilitaja mara tatu.

Mume wangu yeye ni mwonjaji katika kampuni ya chai. Asiyejua hudhani ni kazi ya kukaa na kunywa. Chumba chao kina meza ndefu ya vigae vyeupe, na juu yake mabakuli yamepangwa safu, chai bila sukari wala maziwa. Anaivuta kutoka kwenye kijiko kwa kishindo ambacho hapa nyumbani kingenifanya nimfukuze mezani, anaizungusha mdomoni, anaitema, kisha anasema: hii ilikaushwa kwa moto mkali, hii ilichumwa mvua inanyesha, hii imelala ghalani karibu na vitunguu. Wenzake wanamwita Ulimi. Hata msibani watu humwambia, "Pole sana, Ulimi," naye anaitika bila kuona ajabu.

Mwaka mmoja alipata mafua makali yaliyomlaza kitandani. Akapona, akarudi kazini. Jumamosi iliyofuata nikampa glasi yake. Akainywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo, akauliza kama kuna mtu ameona miwani yake.

Nikamkazia macho. Naye akaniona nikimkazia macho.

Jumamosi iliyofuata akakunja uso. Lakini ninaishi na uso huo tangu ujana wetu. Ule wa kweli ni mbaya kuutazama: jicho moja linafumba, shingo inajikaza, na mguu wa kushoto unapiga sakafu bila kuombwa. Safari hii alikunja uso vizuri, macho yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayepigwa picha. Nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu.

Kisha siku moja nilisahau chumvi kwenye chakula. Tonge la kwanza tu nikagundua, nikataka kuinuka kuifuata. Yeye akatabasamu akasema, "Mama watoto, leo umepatia kweli." Nikakaa.

Jumamosi ya wiki ile sikutwanga kitu. Nilichemsha mchicha, maji yakawa ya kijani, nikayapoza na kuyamimina kwenye glasi yake. Hayakuwa na uchungu hata kidogo. Mtoto angeyanywa akaomba mengine. Mume wangu akanywa, akafumba macho yote mawili, akatikisa kichwa, akasema, "Huu mti una roho mbaya."

"Baba watoto," nikamwambia, "hayo ni maji ya mchicha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi naujua. Badala yake akavuta kigoda akaketi karibu na sufuria zangu za sabuni.

"Tangu yale mafua," akasema. "Sisikii ladha, sisikii harufu. Nikila ni kama natafuna kitambaa."

"Na kazini?"

"Naangalia rangi. Naangalia majani yalivyofunguka. Nasubiri mwenzangu aseme neno, nami naongezea."

Nilipandwa na hasira, tena si ya kazi. Nilikumbuka sifa zote alizokipa chakula changu tangu alipoinuka kitandani. Nikamwambia kumbe nimekuwa nikijipinda jikoni kumpikia mwongo. Akasema aliogopa nikijua nitamhurumia, na kuhurumiwa na mimi ni jambo ambalo hajawahi kulizoea. Nilitaka kucheka, nikalia.

Jumatatu walikuwa wanakuja wageni kazini kwake, wanunuzi wakubwa. Yeye ndiye aliyepangwa kuonja mbele yao na kuwaambia ipi ni ipi. Akikosea, si yeye tu atakayeumbuka. Shehena nzima ingeondoka kwa neno lake, na jina lake la miaka yote lingeondoka nayo. Akikiri, aliona hana tena kazi wala jina. "Mtu anayeitwa Ulimi," akasema, "bila ulimi ni nani?"

Kisha akanitazama kwa namna ambayo wateja wangu hunitazama. "Wewe unaujua huu mti. Nitwangie jagi zima. Nitakunywa kutwa, leo na kesho. Lazima kuna kitu ndani yake."

Naomba nieleweke. Nilitamani kukubali. Mti unaosafisha ngozi za watu nisiowajua, uliosafisha meno ya wanangu, kwa nini usimfanyie mume wangu hisani hii moja? Mkono wangu ulikwishaanza kufuata kinu. Lakini mama mkwe aliyesema anayekunja uso ni mzima hakuwahi kusema mti ndio unaompa uzima. Ulikuwa unaonyesha tu.

"Hapana," nikasema. "Dawa ikizidi ni sumu. Jagi zima litakuharibu ini, na ladha haitarudi. Wateja siwadanganyi, nikudanganye wewe?"

"Basi huo mti una faida gani?"

"Mti umeniambia ukweli uliokushinda wewe kuniambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, baba watoto. Jumatatu nenda kwa meneja kabla ya wageni."

Aliniachia glasi mkononi akatoka. Lakini Jumatatu alivaa shati lake la kazi na akaondoka mapema. Meneja alikasirika, kisha akampa mwenzake kijiko, na mume wangu akapelekwa ghalani kupokea magunia. Daktari alimwambia mafua yalijeruhi mishipa ya harufu. Huenda ikapona polepole, huenda isipone. Akamshauri avute harufu kali kila siku ili pua ikumbuke. Basi kila asubuhi nikawa nampangia visahani mezani: karafuu, limau, kahawa, kipande cha sabuni yangu. Anafumba macho, ananusa, anasema, "Hakuna." Anahamia kinachofuata, anasema, "Hakuna." Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akajibu kwamba mwenye koleo ndiye anayejua.

Na Jumamosi glasi iliendelea. Sasa alikuwa anakunywa kwa uso wake wa kweli, uso mkavu, akinirudishia glasi bila neno. Nilimsihi aseme ukweli, akasema, na mimi ndiye niliyeshindwa kuutazama. Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja nikasimama chini ya mwarobaini na kinu mkononi nikaona siwezi. Nikaingia ndani, nikachemsha mchicha. Akinywa mchicha kwa uso mkavu, nilijiambia, haitakuwa na maana yoyote, na mimi nitapumzika Jumamosi moja.

Nikampa glasi, nikageukia sufuria zangu ili nisimwone.

Kisha akasema, "Mama watoto, mbona leo umenipa maji?"

Niligeuka. Alikuwa ameishikilia glasi karibu na mwanga wa dirisha, jinsi anavyoshika bakuli kazini.

"Umejuaje?"

"Jumamosi iliyopita kulikuwa na kitu huku nyuma ya ulimi. Kidogo sana. Sikukwambia, niliogopa kukupa tumaini la bure. Wiki nzima nimekuwa nikiisubiri leo." Akaiweka glasi mezani. "Kachume majani, mke wangu. Usinionee huruma."

Nikaenda kuchuma. Nikatwanga, nikachuja, nikamletea. Akanywa nusu, akasita, na mguu wake wa kushoto ukapiga sakafu.