Tope Mbele ya Baraza

Unaangalia pembeni. Ndiyo, wewe uliyeketi pakavu: bahari inakula makaburi ya watu wa kijiji cha Bayou Perdrix, nawe unajifanya unatafuta miwani iliyo puani mwako.

Odalie Verdin hakuangalia pembeni. Watoto wa Kihouma, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, enzi zake walifungiwa milango ya shule. Kusoma alijifundisha mwenyewe, kusahau hakujifunza kamwe. Jumatatu hiyo aliketi mbele kabisa barazani, sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa bamia, mapajani, maana vikao vile huua watu kwa njaa. Madiwani walikuwa wapige kura: tuta jipya la kuzuia mafuriko lizunguke kijiji chake, au likiache nje, kimezwe.

Dakta Whitcomb, mtaalamu wa kampuni ya mafuta, alilaza mezani bomba refu lililopasuliwa, limejaa tope la kando ya mto.

"Tope ni kitabu," akasema. "Huku chini, miaka elfu mbili iliyopita: magamba ya chaza, chumvi tupu. Huku juu, leo: mizizi ya miberoshi, miti isiyovumilia chumvi. Bahari inarudi nyuma. Tuta la nini?"

Odalie akacheka mpaka kifuniko cha sufuria kikalia. Miberoshi! Ya mwisho aliiona ikikauka akiwa na miaka saba, kampuni ilipochimba mfereji na chumvi ikaingia.

"Mwanangu, bomba hili lilifikaje?"

"Kwa mashua ya kaka yako, bibi. Alilisimamisha pamoja na pondo zake za kusukumia mashua."

"Alcide!"

Alcide akavua kofia kule nyuma. "Pondo husimamishwa ncha ya tope juu, dada, ikauke; na bomba nililigeuza vivyo hivyo. Nani asiyejua?"

"Na wewe, Dakta, ukaandika 'juu' kwenye ncha uliyoikuta juu?"

"Nilikuwa… natapika kwa mawimbi, bibi."

Odalie akachomeka kijiko katika ile miaka elfu mbili, akaibuka na kizibo cha chupa ya bia.

"Loo! Kumbe mababu walikunywa baridi!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mwenyekiti Landreneau, akiuma midomo, akaahirisha kura hadi Alhamisi saa nne asubuhi, "tutafakari".

"Mtafakari au mngoje tuchoke?" Odalie akauliza.

Ukumbini mlikuwa na viti mia mbili; watu kumi na tisa. Kwa hesabu hiyo hata ukweli uliogeuzwa sawasawa utashindwa. Basi acha kucheka. Inuka, vaa viatu, mchukue jirani yako, Alhamisi mkajaze viti. Anza sasa hivi.