Mkanda Wenye Kichwa cha Farasi

Yaretzi aliporudi kutoka milimani alikuta vioo vyote vimefunikwa mashuka. Ndivyo mama yake alivyojikinga na radi.

"Mama, kulikuwa na radi?"

"Tangu Alhamisi! Nikachomoa kila waya," alijibu Bi Casilda, akikoroga maharage. "Hata hiyo mashine yako, inayokula umeme kuliko baba yako alivyokula tamale, nimekuokolea."

Mashine hiyo, kompyuta yake, ilikaa chini ya picha ya Eleuterio, kaka yake Yaretzi, aliyetoweka miaka minne iliyopita. Ndiyo iliyobeba tovuti ya kina mama wanaochimba ardhi kutafuta watoto wao. Kampuni waliyoikodi mwanzo ilitishwa, ikawafuta. Tangu hapo Yaretzi aliiendesha sebuleni, kwa intaneti ya nyumbani. Wakifukua mwili, waliweka picha za nguo zake. Mwili usipopata wa kuudai kwa siku tatu, huzikwa katika kaburi la pamoja. Picha ya mwisho aliiweka Jumatano jioni, kabla ya kwenda tena milimani, kusikoshika simu. Leo ilikuwa Jumapili.

Alichomeka waya. Intaneti ilirudi na anwani mpya, na tovuti bado haikuonekana. Akaielekeza tovuti kwenye anwani hiyo. Simu ikalia.

"Binti, mimi Herminia, wa bandarini. Nimesikia kuna mkanda wenye kichwa cha farasi. Tangu Alhamisi nafungua tovuti yenu, sioni kitu. Nimeazima hadi simu ya muuza samaki, akaniambia nitaimaliza kwa kuifinya."

"Jaribu sasa, mama."

Herminia akaifungua picha.

"Hilo tundu la mwisho nililitoboa mimi, kwa msumari. Mwanangu alikuwa amekonda. Niambie nije wapi nimchukue."

Yaretzi akamwambia aliyoyasikia njiani: amezikwa jana, kaburi la pamoja, na wengine arobaini.

"Wamemwekea hata namba ya kaburi?"

"Sijui, mama. Nisamehe."

Simu ikakatika.

"Kuna mtu alikuwa anatafuta mtu wake?" Bi Casilda aliuliza toka jikoni. "Sikutaka kuizima, mwanangu. Lakini picha zote za Eleuterio zimo humo. Ningemwachaje aungue?"

"Walikuwa wanasalimia tu, mama."

Radi ikanguruma upande wa mtoni. Bi Casilda akaja mbio, mkono umeelekea kwenye soketi. Yaretzi alimwahi. Akaketi sakafuni, mgongo akiuegemeza kwenye soketi, akamshika mama yake mkono, na hakuuachia mpaka mvua ilipokatika.