Chembe ya Raba

Shemeji yangu alitoka karakana Jumanne saa nne asubuhi, akanikabidhi bisibisi na kuniambia nisiharibu kitu mpaka arudi. Alikuwa anakwenda zahanati tu; kifua kilikuwa kimembana wiki nzima. Hakurudi. Kiti chake kilibaki kimegeukia mlango, na kwa mwezi mzima hakuna aliyekigeuza, si mimi wala dada yangu, mkewe.

Nilifanya kazi naye miaka sita. Aliniita Bwana Haraka, kwa sababu kompyuta ikifika mezani nilikuwa nimeshataja ugonjwa kabla ya kuifungua. Yeye angeendelea kunywa chai yake, kisha aniulize, "Hukumu umeshatoa, shemeji. Shahidi yuko wapi?"

Mteja wa kwanza baada ya msiba alikuwa mwalimu wa kemia. Alimpa dada pole, akakaa, kisha akaweka kompyuta mpakato mezani kama mtu anayerudisha zawadi. Ilikuwa kazi ya mwisho ya shemeji. Alikuwa amemwongezea RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kando ya kile cha zamani. Tangu hapo kompyuta ilijizima ovyo huku akiandika mtihani ambao ulitakiwa shuleni Ijumaa. Fundi wa ng'ambo ya barabara alimwambia marehemu alimpachikia RAM mbovu, na kwamba huenda si yeye peke yake aliyefanyiwa hivyo.

Dada alikuwa anafuta vumbi rafuni. Aliacha kufuta.

"Mume wangu hakumwekea mtu kitu kibovu," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwenu, mama. Ningeamini, ningemwachia yule aifungue."

Nilimwomba mwalimu arudi jioni. Kazi yenyewe niliijua. Nilichomoa betri, nikafungua mfuniko wa chini, nikatoa RAM zote mbili. Ile mpya niliiweka peke yake kwenye sloti ya kwanza, ule mfereji wa kuichomekea, nikachomeka flashi ya majaribio, nikaiacha ipimwe. Dada alivuta ndoo, akaikalia, macho kwenye kioo kana kwamba anaelewa zile namba. Baada ya saa moja na nusu majaribio yaliisha. Makosa: sifuri.

"Nzima?" akauliza.

"Nzima kabisa."

Alishusha pumzi. Mimi wa zamani ningeishia hapo na kwenda kumcheka jirani. Lakini kompyuta bado ilikuwa inaumwa, na RAM nzima haimzuii mwalimu kupoteza mtihani wake. Nikachukua ile ya zamani, ambayo haikuwahi kusumbua, nikaiweka sloti ya pili. Mistari myekundu ya makosa ilianza ndani ya dakika nne. Nikaweka mpya palepale: myekundu tena. RAM mbili, sloti moja, ugonjwa uleule. Shahidi alikuwa ameshafika.

Nikamulika tochi. Katikati ya meno ya sloti kulikuwa na chembe ya buluu, ndogo kuliko punje ya mchele. Niliitoa kwa kibano na kuitambua mara moja. Shemeji alisafisha meno ya RAM kwa raba ya kufutia, nusu nyekundu nusu buluu, kama za wanafunzi. Akimaliza alipuliza kwa nguvu mpaka nikawa namtania kwamba ipo siku atapeperusha kompyuta nzima. Wiki ile ya mwisho hata sentensi alikuwa anaikata katikati.

Ningeweza kuidondosha sakafuni. Nani angejua? Niliiweka juu ya karatasi nyeupe, na mwalimu alipoingia nikawaita wote wawili.

"RAM haina tatizo, mwalimu. Kosa ni la karakana yetu. Hii raba ilibaki ndani."

Dada aliinama akaitazama.

"Hakupuliza," alisema.

"Hakuwa na pumzi, dada."

Hakulia. Alikwenda kuosha vikombe viwili vilivyokuwa safi. Mwalimu alikunja ile karatasi taratibu, akaiacha mezani.

"Yule wa ng'ambo nitamwambia mwenyewe kwamba RAM ni nzima," alisema. "Na mkinifungia tena mfuniko wangu na taka ndani, nitawapa adhabu ya kufuta ubao."

Nilirudisha RAM zote mbili, nikapima mzunguko mmoja, kisha wa pili. Sifuri, sifuri. Mtihani ulifika shuleni Alhamisi, siku moja kabla.

Sasa tunafungua saa mbili kamili. Raba ileile bado naitumia, kisha napitisha brashi mara mbili na kumulika tochi kabla ya kufunga. Kiti kimegeuzwa kikaelekea meza. Dada anakikalia, na ndiye anayepokea wateja.