Ndevu za Wankyo

Siku ya malipo, Wankyo alikaa juu ya gunia la mbegu nje ya ghala la ushirika, katika kijiji kimoja karibu na Bunda, akimenya kiazi cha kuchemsha. Serikali ilikuwa imetuma ruzuku kwa wakulima ambao pamba yao ililiwa na funza. Yake ilikuwa imeliwa hadi vitumba vya mwisho.

Karani Leonardi alimwita mkuu wa kaya ya marehemu Nyamhanga. Wankyo, mjane wake, akasimama.

"Mkuu wa kaya ni mwanaume, mama."

"Huyu ni mke wangu," Wankyo alisema, akimwonyesha Gati aliyebeba mtoto mgongoni. Wankyo hakujaaliwa mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki alimwoa Gati kwa mahari ya ng'ombe, kama desturi inavyoruhusu, ili nyumba isizimike.

"Desturi naijua, bibi yangu naye alikuwaga na mke. Lakini wilaya imesema mwanaume."

"Basi nitampokelea," alisema Clementi, mdogo wa marehemu.

Wote walijua kwamba atakayepokea ruzuku ndiye atakayeandikwa mwenye shamba.

"Tufanye kesho," Leonardi alisema. "Tunafunga saa sita."

Asubuhi, Wankyo alikuwa akikama ng'ombe alipohisi kidevu kinamwasha. Alipomfungulia ndama, ndevu zilikuwa zimefika kifuani, nyeusi, zenye mvi chache pembeni. Gati alimaliza kwanza kuchuja maziwa.

"Zimekupendeza, mama. Ila unafanana na beberu la jirani Masatu."

"Lete samli, acha maneno."

Akazipaka samli mpaka zikalala, kibuyu cha samli akakichukua mkononi, wakaenda ghalani.

Leonardi alizitazama ndevu, akatazama maelekezo ya wilaya, kisha akavuta kiti.

"Karibu, mzee."

Wankyo akabonyeza dole gumba kwenye daftari la malipo.

"Jana huyu alikuwa mwanamke!" Clementi alifoka.

"Jana hakuwa na ndevu," alisema Leonardi.

"Na wewe shemeji," Gati akauliza, "zako zimebaki wapi?"

Foleni ikacheka. Clementi akajishika kidevu, akaenda kusimama kivulini. Shamba likabaki kwa Wankyo.

Nyuma yake alikuwa Tereza, mjane jirani yake, ambaye walikuwa wakipaliliana pamba tangu mvua za kwanza.

"Mkuu wa kaya ni mwanaume, mama," Leonardi alimwambia.

"Mbona mimi umenipa?" Wankyo aliuliza.

"Wewe ni mzee, kila mtu anaona. Yeye bado." Alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Namsubiri mpaka saa sita. Zikiota, aje hata nyuma ya foleni, nitampisha."

Tereza akakaa juu ya gunia la mbegu. Wankyo akakaa kando yake, akachota samli iliyobaki kibuyuni, akampaka kidevuni taratibu. Watu waliendelea kuitwa. Kila aliyetoka alimtazama Tereza kidevuni, akamtakia heri, akaenda zake.

"Kinawasha?" Wankyo aliuliza.

"Hapana. Kinateleza tu."

Saa sita Leonardi alitoka na funguo. Aliinama, akakiangalia kidevu kile kwa makini, upande huu na upande ule. Kilikuwa kinang'aa kwa samli, laini kama cha mtoto.

"Pole, mama," alisema.

Kisha akamwita Kwangu, shemeji yake Tereza. Kwangu akatoka kivulini, akibonyezabonyeza dole gumba kwenye suruali kulifuta jasho.