Nusu Ukurasa wa Tuzo ya Kalamu

Mwalimu Musili aliandika historia ya Tuzo ya Kalamu kuanzia mwaka wa 2005 hadi 2009 kwa asubuhi moja. Alipofika 2010 alifunika karatasi, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya ghala akiwaangalia mbuzi. Jua la Mwala lilikuwa limeshapanda. Mkewe, Ndunge, alimuuliza kama amemaliza, naye akasema bado kidogo. Lakini siku nne zikapita bila yeye kuongeza hata mstari mmoja.

Kazi yenyewe alipewa kwa simu. Laban, mwenyekiti wa Chama cha Wanamuziki wa Iveti, alimweleza kwamba kamati imekaa na kukubaliana kuwa tuzo ya utunzi wa R&B itatolewa mara ya mwisho mwaka huu. Nyimbo hazikuwa zikija tena. Mwaka uliopita zilikuja tatu, na mbili kati ya hizo zilitoka kwa mtu mmoja. Vijana wa Mlolongo na Syokimau walikuwa na mitindo yao, na mwaka ujao wote wangeingizwa kwenye tuzo moja ya Wimbo wa Kisasa. Kwa kuwa Musili alikuwa katibu tangu mwanzo, Laban alimwomba aandike kurasa mbili za historia ziingie kwenye kijitabu cha sherehe. Musili alikubali. Kukataa kungetaka maneno mengi, na siku hizi maneno mengi yalimchosha kuliko kupanda kilima.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alifundisha muziki shule za upili miaka thelathini, akastaafu na magoti mabovu na sanduku la bati lililojaa makaratasi ya chama. Ndani ya sanduku hilo ndimo tuzo ilimokaa miaka yote ishirini. Ilianza kama jambo la watu saba waliochoka kuona mwimbaji anapewa sifa zote na mtu aliyetunga maneno hajulikani hata na jirani yake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ilisema kwamba tuzo ni ya mtunzi, siyo ya sauti. Mwaka wa kwanza mshindi alikuwa mwalimu wa chekechea ambaye hakuweza kuimba hata kidogo, na ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Baadaye jina lilibadilishwa mara mbili. Mwaka mmoja tuzo haikutolewa kwa sababu majaji walikosana, na miaka miwili ya korona haikutolewa kabisa. Hayo yote yangeandikika bila taabu.

Kilichomkwamisha ni fomu ya mwaka 2010. Kwenye nafasi ya mtunzi palikuwa na jina Kalunde Musau, limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake limeandikwa jina la mwimbaji, Wesley Mutinda. Mkono uliokata na ule ulioandika ulikuwa mmoja. Ulikuwa wa Musili.

Alikumbuka mchana ule vizuri. Mwenyekiti wa wakati huo, marehemu Mwanzia, alikuja na fomu mkononi saa mbili kabla ya sherehe. Majaji walikuwa wameshaupa ushindi wimbo wa "Nimekuachia Joto", lakini mtunzi wake hakuwa mwanachama, na sheria iliyopitishwa mwaka huo ilidai namba ya uanachama.

"Huyu msichana wa kiwanda hana namba," Mwanzia alisema. "Wesley anayo. Andika Wesley, Jumatatu tutarekebisha."

Musili akaandika. Kisha akasimama mlangoni kupokea wageni, na kati ya wageni akaja msichana mwembamba mwenye koti la kuazima lililompwaya mabegani, akasema anaitwa Kalunde. Musili mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kiti. Jina la Wesley liliposomwa, msichana alikaa palepale mpaka makofi yakaisha, halafu akainuka na kuondoka. Hakumwuliza mtu yeyote lolote. Jumatatu ikafika, ikapita, na Jumatatu nyingine zikafuata, na kila mwaka uliopita ulifanya jambo lile liwe gumu zaidi kulitaja. Wimbo ukapigwa redioni na harusini mpaka Nairobi. Mwanzia akafa. Musili akazoea, jinsi mtu anavyozoea jino linalouma upande mmoja, akatafunia upande wa pili.

Siku ya tano alimweleza Ndunge. Hakuwa amewahi kumweleza. Ndunge alikuwa akichambua pojo, na hakuacha kuchambua, ila alimwambia kwamba kama ni kuandika uongo mara ya pili, basi afadhali amwambie Laban kwamba macho yameharibika na kazi haiwezi. Na kama ni kuandika kweli, aanze kwa mwenye wimbo.

Kumpata Kalunde hakukuwa vigumu kama alivyotarajia. Mpwa wa Ndunge alifanya kazi kwenye eneo la viwanda la EPZ, Athi River, akauliza hapa na pale, na ndani ya wiki jibu likaja. Kalunde Musau bado alikuwa hukohuko. Alishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha nguo, na angeweza kuonana na Mwalimu saa ya chakula cha mchana, dakika arobaini, basi.

Walikutana kwenye kibanda cha chakula nje ya geti. Kalunde alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini sasa, amenenepa kidogo, na nyuzi za buluu zilikuwa zimemganda kwenye nywele na mikono ya sweta. Alimsalimia kwa heshima, akamwagizia muthokoi, mahindi ya kukobolewa kwa maharagwe, kabla yeye hajasema kitu. Musili alikuwa amepanga maneno yake njiani kote, lakini alipoketi yote yalimtoka. Akatoa fomu kwenye bahasha, akaiweka mezani, akamwonyesha mstari.

"Ni mimi nilikata jina lako," alisema. "Hakuna mwingine. Niliambiwa, lakini mkono ulikuwa wangu."

Kalunde aliitazama fomu muda mrefu. Chakula kililetwa, naye akaanza kula, kwa sababu dakika zilikuwa zinakwenda.

"Mimi nilijua ni Wesley alibadilisha," alisema mwishowe. "Miaka yote hii niko na hasira na mtu mwingine." Akatafuna kidogo. "Sasa hata sijui niipeleke wapi. Na wewe umezeeka, Mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepokea mzigo mwishoni mwa zamu na kutafuta mahali pa kuutua. Musili alimwomba msamaha, naye akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Kalunde alimweleza kwamba tangu siku ile hakutunga tena. Haikuwa kwa kususa. Kila alipoanza mstari alijiuliza utaitwa wa nani, na usingizi ukamshinda.

Kisha aliuliza kama karatasi ya maneno ya wimbo, aliyoiambatisha na fomu, bado ipo. Musili akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mwandiko wake wa shule, na kwenye mkunjo wino ulikuwa umefifia. Kalunde aliifungua, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Umeona hapa? Wesley anaimba 'malaika wangu'. Mimi sikuandika malaika."

Alikuwa ameandika *mwanaa-mwaitu*, yaani ndugu wa tumbo moja. Musili alikuwa ameliona neno hilo mara nyingi na kudhani ni namna tu ya kubembeleza. Sasa Kalunde alimweleza. Mwaka ule yeye na dadake Mwikali walikuwa wamepanga chumba kimoja hapo Athi River, chenye kitanda kimoja. Kalunde alifanya zamu ya mchana na Mwikali zamu ya usiku. Mmoja aliamka kwenda kazini kabla mwenzake hajarudi, wakapishana hivyo Jumatatu hadi Jumamosi, wakiandikiana vikaratasi kuhusu mafuta taa na unga. Walionana Jumapili tu, na Jumapili Mwikali alilala kutwa. Wimbo ambao watu walichezea harusini, wakishikana viuno, haukuwa wa mpenzi. Ulikuwa wa dada anayerudi asubuhi amechoka.

Musili aliuliza kama Mwikali anajua. Kalunde akasema hapana. Angemwambiaje, wakati redio ilisema kila siku kwamba ni wa Wesley? Ingeonekana anajikweza. Halafu Mwikali akaolewa, akahamia Kithyoko, sasa anauza nyanya sokoni, na wimbo wenyewe ulipopigwa alikuwa akisema una maneno ya aibu.

Kengele ya kwanza ililia. Kalunde alisafisha mikono.

"Hiyo tuzo mkae nayo," alisema. "Lakini kama kuna kitabu kinachapishwa, weka maneno yangu. Yote, vile niliandika. Hiyo tu ndiyo nataka."

Musili alirudi Mwala na ahadi hiyo. Kwanza alimpigia Wesley, ambaye siku hizi aliuza viwanja Syokimau na hakuwa ameimba kwa miaka mingi. Alitegemea ugomvi. Wesley akasema kwamba miaka mitatu ya mwanzo aliingoja simu hii kila Novemba, tuzo ilipokaribia, kisha akaacha kuingoja. Hakuwa ameomba jina lake liandikwe, alisema, ila lilipoandikwa hakuomba lifutwe.

"Andika tu, Mwalimu," alimalizia. "Hata mimi nimechoka kuulizwa yule malaika alikuwa nani."

Laban ndiye aliyekuwa mgumu. Jambo la kusahihisha jina alilikubali baada ya kuvutana kidogo, ingawa alisema kufukua mambo ya marehemu Mwanzia hakutamfurahisha yeyote. Lakini maneno ya wimbo mzima, beti nne na kiitikio, hayakuwa na nafasi. Kijitabu kilikuwa na kurasa kumi na mbili. Kulikuwa na picha za wafadhili, hotuba ya mgeni rasmi, ratiba, na zile kurasa mbili za historia. Alisema hawezi kuongeza hata karatasi moja.

"Kurasa mbili ni zangu?" Musili aliuliza.

"Ni zako."

"Basi nitajipanga humo."

Jioni hiyo alikaa na kurasa saba alizokuwa ameandika mpaka wakati huo, akaanza kupunguza. Aliondoa ugomvi wa majaji. Aliondoa orodha ya wenyeviti, pamoja na shukrani, na ile aya aliyoipenda kuliko zote, ya mwalimu wa chekechea na ukumbi uliosimama, akaibakiza sentensi moja. Aliondoa miaka yake mwenyewe ya ukatibu. Sentensi pekee aliyojiwekea ilisema kwamba mwaka wa 2010 katibu, Musili Wathome, alikata jina la mtunzi halali na kuandika lingine, na kwamba kosa ni lake. Mwisho historia yote ya Tuzo ya Kalamu ikawa nusu ukurasa. Ukurasa mmoja na nusu uliobaki akampa Kalunde.

Ndunge alisoma kwa sauti, akageuza karatasi kutafuta mengine.

"Miaka ishirini imeisha hapa?"

"Imeisha hapo," Musili alisema, akavua miwani na kujisugua macho.

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana mjini Machakos, na ukumbi haukujaa. Tuzo ya mwisho alipewa yule aliyeleta nyimbo mbili mwaka uliopita. Alishukuru kwa maneno machache na kushuka. Laban alisoma sahihisho la mwaka 2010 haraka haraka katikati ya matangazo mengine, na watu wachache wakapiga makofi bila kuelewa sana. Kalunde hakuwepo. Kiwandani kulikuwa na oda ya kumaliza.

Jumatatu Musili alimpelekea vijitabu viwili, palepale kibandani. Hakuwa na haja ya kwenda mwenyewe, magoti yalimuuma tangu asubuhi, lakini hili hakutaka kumtuma mtu. Kalunde alifungua ukurasa, akasoma akiwa amesimama, midomo ikisogea. Kisha akatoa simu, akampigia Mwikali, na bila salamu ndefu akamwambia nyamaza kidogo usikilize. Kelele za soko la Kithyoko zilisikika mpaka kwa Musili. Kalunde akasoma:

*Nimekuachia joto, mwanaa-mwaitu,*
*usipite dukani, usisimame njiani;*
*shuka lina umbo langu bado,*
*lala humo kabla halijasahau.*

Alisoma mpaka mwisho, sauti ileile isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua. Upande wa pili mtu aliuliza bei ya nyanya na hakujibiwa.

"Kwa hivyo," Mwikali alisema, "ndiyo maana ulikuwa hutandiki kitanda."

"Ningetandika kingepoa."

"Na mimi nilikuwa nakutukana kila asubuhi. Peke yangu, chumbani. Mvivu, mvivu. Kalunde, nilikuwa nalala kabla sijamaliza kutukana."

Kalunde alicheka kidogo, halafu akageuka kuelekea ukuta wa kibanda, akasimama hivyo huku simu ikiwa sikioni. Wanawake wa meza ya pembeni walishusha sauti zao. Kengele ya kwanza ikalia. Akamwambia dadake atampigia Jumapili, akaweka kijitabu kimoja kwenye mfuko wa aproni, na kile cha pili akamrudishia Musili amtumie Mwikali kwa gari la Kithyoko. Alimshukuru. Alisema kama akipata likizo Desemba atafika Mwala kumsalimia yeye na mkewe.

Musili alimtazama akivuka geti na wenzake mpaka hakumtofautisha tena. Kisha akaomba chai, akaambiwa maziwa yamekwisha, akasema hata ya rangi ni sawa.